Nani alimwamini Rosemary?

Leo naanza na swali la kijiweni. Kwa nini kwenye filamu za kutisha mwanamke ndiye anayemwona jini kwanza, na mumewe ndiye anayeamini mwisho kabisa, tena wakati ambapo kuamini hakusaidii tena? Wengi tukiulizwa hivyo tunacheka. Tunasema ni ujanja wa watu wa sinema, kwamba mwanamke anapiga mayowe vizuri zaidi. Wengine wanasema filamu zenyewe ni upuuzi wa kupotezea usiku wa Ijumaa, zisizostahili hata kujadiliwa.

Mimi sikubaliani. Nina hoja moja tu, na nitaitetea kwa filamu tatu. Ukizitazama filamu bora za aina hii huku umeshika mkononi sheria na magazeti ya miaka ile, utagundua kwamba kinachotisha si shetani. Kinachotisha ni mwanamke kusema ukweli mbele ya watu wanne au watano, wote wenye heshima zao, na wote kwa zamu wamwambie akapumzike.

Njia ya kulithibitisha hilo ni rahisi na unaweza kuijaribu mwenyewe nyumbani. Mtoe shetani kwenye hadithi, kisha uangalie kinachobaki.

Haya, twende New York.

Filamu ya Rosemary's Baby ilianza kuonyeshwa Juni 1968. Aliiongoza Roman Polanski kutokana na riwaya ya Ira Levin iliyotoka mwaka 1967. Rosemary, aliyeigizwa na Mia Farrow, ni binti kutoka Omaha, jimbo la Nebraska. Amelelewa Kikatoliki, ameolewa na Guy, mwigizaji anayetafuta jina, na wamehamia kwenye jengo la zamani la ghorofa lenye majirani wazee wacheshi kupita kiasi. Anataka mtoto. Usiku mmoja jirani, Bi Minnie, analeta kitindamlo cha chokoleti. Rosemary anasema kina ladha ya chaki. Mumewe anamkaripia, mwanamke wa watu kahangaika kupika halafu wewe unaleta maneno! Rosemary anakula kidogo kumridhisha mume, na muda si mrefu kichwa kinamzunguka. Anaota ndoto ya kutisha, anaota anabakwa na kitu kisicho mtu. Asubuhi ana mikwaruzo mwilini. Mumewe anamwambia bila haya kwamba ni yeye aliyefanya, kwa sababu hakutaka usiku wa kutafuta mtoto uwapite, japokuwa mkewe alikuwa hajitambui.

Hapo ndipo nakuomba umtoe shetani. Kinabaki nini? Anabaki mume aliyemwingilia mkewe akiwa hana fahamu, na akamweleza hivyo wakati wa kifungua kinywa kama mtu anayesema nimekopa kalamu yako. Je, mwaka 1968 hilo lilikuwa kosa? Hapana. Sheria za ubakaji katika majimbo ya Marekani zilikuwa zikimtenga mume. Fikra yenyewe ilitoka kwa jaji wa Kiingereza wa karne ya 17, Matthew Hale, aliyeandika kwamba mke akishakubali ndoa amejitoa moja kwa moja na hawezi kuurudisha nyuma ukubali wake. Jimbo la kwanza kuufuta kabisa msamaha huo lilikuwa Nebraska, mwaka 1976. Naam, Nebraska, alikotoka Rosemary. Ilichukua hadi mwaka 1993 ndipo majimbo yote 50 yakawa yameufuta angalau kwa sehemu. Kwa hiyo Rosemary hata angekwenda polisi asubuhi ile, akaonyesha mikwaruzo, akasimulia kila kitu bila kumtaja shetani hata kidogo, polisi wangemrudisha nyumbani kwa mumewe.

Tarehe nazo zina maneno yake. Katika hadithi mimba inatungwa usiku ambao Papa Paulo wa Sita yuko New York, na televisheni inamwonyesha akiwa uwanja wa Yankee. Ziara hiyo ni ya kweli, ilikuwa Oktoba 4, 1965. Miezi minne kabla yake, Juni 1965, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Griswold kwamba majimbo hayawezi kuwakataza wanandoa kutumia njia za kuzuia mimba. Wasioolewa walisubiri hadi mwaka 1972. Vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeruhusiwa tangu 1960. Halafu, wiki sita tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, Julai 25, 1968, Papa huyohuyo alitia saini waraka wa Humanae Vitae uliowakataza Wakatoliki kutumia vidonge hivyo. Ina maana wanawake waliokuwa wakikaa gizani kumtazama Rosemary walikuwa wametoka nje ambako swali la tumbo la mwanamke ni la nani lilikuwa linajadiliwa mahakamani, bungeni na Vatikani. Wanaume ndio waliokuwa wakijadili.

Lakini mtu anayenitisha zaidi kwenye filamu hii ni daktari. Rosemary anaanza na daktari kijana, Dk. Hill. Majirani wanasema hapana, mwone rafiki yetu Dk. Sapirstein, ni bingwa. Bingwa huyo anampa amri mbili za kwanza: usisome vitabu, na usisikilize marafiki zako. Badala ya vidonge vya vitamini, akunywe kinywaji cha mitishamba anachotengeneza Bi Minnie kila siku. Rosemary anaanza kuumwa tumbo. Anaumwa wiki baada ya wiki. Anakonda wakati wajawazito wenzake wananenepa. Daktari anamwambia maumivu yataisha siku mbili tatu. Hayaishi.

Kuna tukio moja ambalo ningewashauri mlitazame hata kama hamtatazama filamu nzima. Rosemary anaalika marafiki wa rika lake. Katikati ya karamu anaangua kilio, na marafiki zake wa kike wanamwingiza jikoni na kumfungia mumewe mlango. Humo ndani wanamwambia neno ambalo hakuna mtu amemwambia kwa miezi: maumivu ya namna hiyo si ya kawaida, nenda kwa daktari mwingine. Jini halionekani, muziki wa kutisha haupigwi. Ni wanawake watatu wanne jikoni na mlango umefungwa. Kwangu mimi huo ndio moyo wa filamu. Wasomaji wa Dar na Nairobi, mnajua wenyewe ni mangapi yamesemwa jikoni ambayo sebuleni hayasemeki.

Ukimtoa shetani hapo, kinabaki kisa cha daktari anayemkataza mjamzito kusoma. Na wanawake wa mwaka 1968 walikuwa na sababu ya kuwaogopa mabingwa. Miaka saba tu nyuma, dawa ya thalidomide, iliyouzwa kama dawa salama ya usingizi na ya kichefuchefu cha mimba, ilikuwa imeondolewa sokoni Ujerumani Magharibi, Novemba 1961, baada ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu. Duniani kote waliathirika watoto zaidi ya 10,000. Marekani iliepuka janga hilo kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mwanamke mmoja, Dk. Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa, aliyekataa kuipitisha licha ya kampuni kumsukuma mara kwa mara. Aliambiwa anachelewesha mambo bure.

Mwisho Rosemary anatoroka. Tumbo kubwa, joto kali, sarafu mkononi, anapiga simu kibandani kumtafuta Dk. Hill, yule wa kwanza. Anamkuta. Anamwambia kila kitu. Daktari anamsikiliza kwa upole, anamwambia lala hapo upumzike nitakusaidia. Kisha anakwenda kumpigia simu mumewe na Dk. Sapirstein, nao wanakuja kumchukua. Wanamwambia aondoke nao kimyakimya, la sivyo watampeleka hospitali ya vichaa. Dk. Hill si mchawi. Si mwanachama wa kundi lolote. Ni kijana mwema, msomi, aliyefanya kile ambacho wema wake ulimwelekeza: alimrudisha mke kwa mumewe. Shetani hakumhitaji awe mwovu. Alimhitaji awe wa kawaida tu.

Nimeshakaa kwenye mabenchi ya mahakama kwa sababu ya kazi yangu, nikiandika habari za kesi za ukatili majumbani. Sentensi ninayoisikia mara nyingi haitoki kwa mtuhumiwa. Inatoka kwa watu wazuri kabisa, mjomba, mchungaji, shangazi, askari wa zamu: tulimshauri arudi nyumbani wakayamalize. Kila nikiisikia namkumbuka Dk. Hill.

Filamu ya pili nitaipitia haraka maana inajieleza yenyewe. Carrie ilitoka Novemba 1976, imeongozwa na Brian De Palma kutokana na riwaya ya kwanza ya Stephen King kuchapishwa, ya mwaka 1974. Carrie White ni mwanafunzi wa sekondari anayepata hedhi kwa mara ya kwanza bafuni shuleni. Hajui ni kitu gani. Anadhani anakufa. Anawakimbilia wenzake, mikono ina damu, anaomba msaada, nao wanamrushia pedi huku wakimzomea. Mwalimu mkuu anashindwa hata kulitaja jina lake sawasawa, na anaona haya kuzungumzia damu. Nyumbani mama yake anamwambia damu ni adhabu ya dhambi, kisha anamfungia kabatini asali. Ndipo Carrie anaanza kuwa na nguvu za kusogeza vitu kwa akili, na mnajua mwisho wake.

Mtoe shetani, au tuseme zitoe zile nguvu za ajabu. Anabaki msichana ambaye shule imemfundisha kila kitu isipokuwa mwili wake. Jambo hili halikubaki Marekani wala halikuishia 1976. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikarekebisha sheria ya elimu ili serikali iwape wanafunzi wa kike pedi bure. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei hazikuwa zimeshuka. Serikali nzima inakaa kujadili kilekile ambacho yule mwalimu mkuu alishindwa kukitamka.

Filamu ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi, kwa sababu mnyama wake tunamfahamu kwa jina. Ni jini. Under the Shadow ya mwaka 2016, kazi ya Babak Anvari, aliyezaliwa Tehran mwaka 1982, imesemwa kwa Kiajemi na kupigwa picha Jordan. Hadithi inatokea Tehran mwaka 1988, wakati Iraq inaupiga mji huo kwa makombora. Shideh aliwahi kusomea udaktari, kisha akajihusisha na siasa za mrengo wa kushoto enzi za mapinduzi. Vyuo vikuu vya Iran vilifungwa mwaka 1980 na kufunguliwa upya baada ya kama miaka mitatu, vikiwa vimechujwa. Shideh ni miongoni mwa waliochujwa. Filamu inaanza akiwa mbele ya meza ya ofisa wa chuo, akiomba kurudi darasani, na ofisa anamwambia atafute lengo lingine maishani. Mumewe, ambaye ni daktari, anaona huenda ni heri ilivyotokea. Halafu mume anaitwa kwenda vitani, na Shideh anabaki na binti yao mdogo, Dorsa, kwenye jengo ambalo majirani wanahama mmoja mmoja.

Kombora linatua juu ya paa bila kulipuka. Baada ya hapo mwanasesere wa Dorsa anapotea, na mtoto anasema majini wameingia. Jirani mcha Mungu anasema majini husafiri na upepo, na wakichukua kitu chako unachokipenda hawatakuacha. Shideh, msomi, anakataa kabisa. Usiku anapoanza kuamini, anamkumbatia mtoto na kukimbia barabarani bila kujifunika kichwa. Je, askari wanaomkuta wanamuuliza anakimbia nini? Hawamuulizi. Wanamkamata kwa sababu ya kichwa wazi. Anarudishwa kwenye nyumba ileile yenye jini akiwa amefunikwa chadori, lile vazi refu linalokaribiana na buibui letu. Na jini lenyewe, msomaji, linapokuja mbele yetu linakuja kwa umbo gani? Ni chadori tupu inayopepea, haina mtu ndani, inataka kummeza.

Sitaki tusomeane vibaya hapa. Filamu haisemi buibui ni shetani, na mwanamke anayelivaa kwa imani yake si mada yangu. Hoja iko kwenye kulazimishwa. Machi 8, 1979, wanawake wa Tehran waliandamana barabarani mara tu baada ya Ayatollah Khomeini kutangaza kwamba wafanyakazi wa kike maofisini wajifunike. Mwaka 1983 ikaingia kwenye sheria ya adhabu, na adhabu yake ilifika viboko 74. Septemba 2022 msichana wa miaka 22, Mahsa Amini, alikufa mjini humohumo baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, na nchi nzima ikalipuka. Filamu ilikuwa imetangulia kwa miaka sita.

Ukimtoa jini kwa Shideh kinabaki kitu gani? Anabaki mwanamke ambaye chuo kimemkatalia, mume amemlaumu, sauti ya simu inamwambia ni mama mbaya, askari wamemfunika, na vita vinaendelea juu ya paa. Anakwenda kasi nyumbani kwake akifanya mazoezi ya viungo kwa mkanda wa video wa Jane Fonda, mapazia yamefungwa, kwa kuwa hata deki ya video yenyewe ni ya kuficha. Hapo jini lina kazi gani tena? Kazi yake ni kuwapa watazamaji ruhusa ya kuogopa. Shinikizo la kila siku halina mlio wala kivuli, hivyo ukilisimulia watu wanapiga miayo. Ukilivalisha jini watu wanakaa wima.

Na hili wazee wetu walilijua kabla ya sinema. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia I. M. Lewis, aliyeishi na Wasomali na kuwachunguza kwa miaka, alichapisha kitabu chake Ecstatic Religion. Alieleza jinsi wanawake walioolewa walivyokuwa wakipandwa na pepo waitwao saar, na jinsi pepo hao walivyodai nguo, manukato na vyakula vizuri kutoka kwa mume. Mke angeomba mwenyewe angepuuzwa. Pepo akiomba, mume anatoa. Pwani yetu nayo ina ngoma za pepo ambamo pepo huulizwa jina lake na anachotaka, na watu wazima hukaa chini kumsikiliza. Wapo wataalamu waliomkosoa Lewis wakisema alizifanya imani hizo zionekane kama hila tu, na nadhani walikuwa na haki kumkosoa. Mwanamke aliyepandwa haigizi. Lakini swali la msingi linabaki palepale. Kwa nini masikio yanafunguka pale tu ambapo anayesema si yeye?

Najua kuna watakaonipinga, na wana hoja. Kwanza, filamu zote tatu zimeongozwa na wanaume. Polanski mwenyewe alikiri mahakamani California mwaka 1977 kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, na mwaka uliofuata akaitoroka nchi kabla ya kuhukumiwa. Sitalipaka hilo rangi. Filamu inaweza kusema kweli ambayo aliyeitengeneza hakuiishi, na kumjua huyo mtu kunanifanya niitazame kwa jicho kali zaidi, si kwa huruma zaidi.

Pili, si kila filamu ya mashetani inamtetea mwanamke. Nyingi zinamshtaki. Hapa jaribio letu linasaidia tena. Chukua kanda za Nigeria tulizokua nazo. Katika Living in Bondage ya mwaka 1992, Andy anamtoa mkewe Merit kafara ili apate utajiri, na mzimu wa Merit unamfuata. Utoe uchawi: kinabaki kisa cha mke mwaminifu aliyegeuzwa mtaji, na shahidi pekee wa kosa ni marehemu. Sasa chukua Nneka the Pretty Serpent ya mwaka 1994, ambamo mwanamke mrembo anayewanasa waume za watu ana nguvu za majini ya mtoni. Utoe uchawi: kinabaki kidole kinachomwelekea mwanamke mzuri, na waume waliokwenda wenyewe kwa miguu yao wanatoka wasafi. Filamu ya kwanza inamsikiliza mwanamke na ya pili inamtafuta mchawi. Nchi ni ileile, zimepishana miaka miwili tu.

Kwa nini basi nimeandika haya yote, wakati ni sinema tu? Kwa sababu ile asubuhi ya Rosemary haijaisha. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 ilipoeleza ubakaji, ilimweka kando mke ambaye hajatengana na mumewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 nayo, kifungu cha 43(5), ilisema maelezo yake kuhusu kulazimishwa na kukosa ridhaa hayawahusu watu waliooana kisheria. Zilikuwa hatua kubwa sheria hizo, zilipiganiwa na wanawake wa nchi zetu kwa jasho, na ni haki kusema hivyo. Lakini waliozipitisha walipofika mlango wa chumba cha kulala walisimama palepale aliposimama jaji Hale.

Kwa hiyo siku nyingine mkikaa kutazama filamu ya mizimu, msihesabu mayowe. Hesabuni watu ambao mwanamke amewaambia kabla jini halijatokea. Kwa Rosemary mimi nimehesabu mume, madaktari wawili na marafiki waliokuwa jikoni. Waliomwamini ni wale wa jikoni peke yao, na wao hawakuwa na funguo za nyumba.